Muflisi si mwizi

Barua za madeni ni tele wiki hii, na nyingi zimeandikwa dalali keshapita mlangoni. Mnangoja nini?

*Nadaiwa elfu 180 na jamaa, anasema atanifunga. Mtu hufungwa kwa deni? (Mvuvi, Matondoni)*

Hufungwa, lakini si kwa jamaa kusema tu. Ashinde kesi kwanza, kisha uitwe ueleze kwa nini usifungwe, na hakimu aridhike kwamba unacho na hutaki kutoa. Kifungo hicho hakizidi miezi 6, chakula chako hulipiwa na anayekudai, na ukitoka deni liko pale pale. Wito ukija, nenda. Kujificha Pate hakujamwokoa mtu.

*Naweza kulipeleka deni kwa kadhi? (Langoni)*

La. Kadhi ni wa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka.

*Sina nyumba wala shamba. Nadaiwa na mikopo ya simu, chama na duka, jumla laki 6. Nijitangaze muflisi? (Mama mahamri, Maweni, Malindi)*

Usikimbilie. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ina milango zaidi ya mmoja, na wako ni ule wa asiye na mali: deni kati ya laki 1 na milioni 4, huna cha kuuzwa, na hujawahi kuupitia wala kuwa muflisi. Unaomba kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi. Ukikubaliwa, baada ya miezi 12 madeni hayo yanafutwa. Ufilisi wenyewe ni miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni, na muflisi hagombei ubunge wala uwakilishi wadi. Hilo halikuhusu, lakini wako wanaonisoma ambao linawahusu. Mwenye mshahara atafute makubaliano na wadai kupitia msimamizi mwenye leseni.

Sasa sikia, mama. Friji usiipeleke kwa dada yako usiku. Kuficha mali ndiko kunakoharibu ombi. Na aliyekudhamini kwenye chama haokoki nawe: lako likifutwa, yeye bado anadaiwa. Kamwambie mwenyewe.

*Dalali ameorodhesha vitu. Atabeba hata kitanda? (Shela, Malindi)*

Kitanda, matandiko, nguo na vyombo vya kupikia, hapana. Vifaa vya kazi yako pia hapana. Una siku 7 kabla hajabeba. Zitumie kwenda kortini kuomba amri ya kusimamisha, si kwenda kwa mganga.

*Wakili wa bure yuko wapi?*

Ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria, wana afisi Mombasa. Beba mkataba, wito na risiti. Yule wa langoni kwa korti anayeahidi kukufutia jina CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, kwa elfu 5, muombe cheti chake cha uwakili cha mwaka huu. Utaona atakavyokumbuka ana safari ya Garsen.

*Mume ameweka rehani nyumba tunayokaa, sikuambiwa. (Mkomani)*

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa yako kwenye hati. Muone wakili leo, usingoje notisi ya mkopeshaji ya siku 90 imalizike. Ila kama ulitia sahihi bila kusoma kwa kuwa boti ya Mokowe ilikuwa inaondoka, hiyo ni kesi nyingine, tena ngumu.