Meneja Ameondoka, Ada Imebaki

SWALI: Shikamoo Mama. Nina vipande katika mfuko mmoja wa hisa, huu ni mwaka wa tisa. Mwezi uliopita nimeletewa barua ya ukurasa mmoja kwamba meneja aliyekuwa akiuendesha ameacha kazi, na nafasi yake wamepewa watu wawili nisiowajua. Mwenzangu kazini ananihimiza niuze haraka. Anasema pia mfuko wangu ni ghali: unatoza asilimia 1.5 kwa mwaka, wake asilimia 0.2. Mimi naona asilimia moja na ushei si kitu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiuze leo. Lakini hilo la “si kitu” limenigusa, nami nitaanzia hapo.

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kukokotoa bei ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko, kila jioni, soko likishafungwa. Tulijumlisha thamani ya hisa zote, fedha zilizoko benki na gawio lililokuwa njiani. Kisha, kabla ya kugawanya kwa idadi ya vipande, tulitoa ada ya siku hiyo: ile ya mwaka, imegawanywa kwa 365. Hakuna mwenye vipande aliyewahi kuiona ikitoka. Katika taarifa yako huwezi kuikuta kama makato, maana bei unayoisoma imeshakatwa. Ndiyo sababu unaiona nyepesi.

Ipime hivi. Chukua milioni 1, hisa zikue kwa asilimia 7 kila mwaka kabla ya gharama, uiache miaka 20. Katika mfuko wa asilimia 0.2 utakuta kama milioni 3.73. Katika wa asilimia 1.5 utakuta kama milioni 2.92. Zimepotea laki nane, na wewe ulianza na laki kumi tu! Hiyo asilimia 7 ni mfano, hakuna awezaye kukuahidi. Ada ndiyo ya hakika, mwaka wa faida na mwaka wa hasara.

Sasa, ada hiyo kubwa ulikuwa ukiilipa kwa ajili ya akili ya mtu fulani, na mtu huyo hayupo. Peter Lynch aliuendesha mfuko wa Magellan wa kampuni ya Fidelity kuanzia 1977 hadi 1990, ukawa unakua kwa wastani wa karibu asilimia 29 kwa mwaka. Waliomfuata walirithi jina na mabilioni ya dola; kasi ile haikurudi tena. Hata hivyo usimlilie sana aliyeondoka. Bill Miller alilishinda soko la Marekani miaka 15 mfululizo, 1991 hadi 2005, na mwaka 2008 mfuko wake huohuo ukapoteza zaidi ya nusu ya thamani, naye akiwa bado kitini.

Kwa hiyo watazame hao wawili. Walikuwa wasaidizi wa meneja wako aliyeondoka au wametoka nje? Ripoti ijayo ikitoka, weka orodha ya hisa za mfuko kando ya orodha ya zamani. Niliwahi kumwona meneja mpya akiuza zaidi ya nusu ya hisa za mtangulizi wake ndani ya wiki sita. Kila uuzaji una malipo ya dalali, na malipo hayo hayamo katika ile asilimia 1.5, yanakatwa juu yake. Katika nchi nyingine faida ya mauzo hayo hukuletea hata kodi, ilhali wewe hujauza kipande.

Na huyo mwenzako, muulize mfuko wake unashika nini. Kama ni hati fungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni, mnalinganisha vitu viwili tofauti. Kama ni hisa za aina ya zako, na mfuko unafuata fahirisi ya soko tu, yaani orodha ya hisa iliyokwisha kupangwa, bila mtu wa kuchagua, ulinganisho ni wa haki na hoja yake ina nguvu. Soma pia jedwali la gharama katika waraka wa matarajio, ule unaoeleza masharti ya mfuko. Mara nyingine ada ndogo ni punguzo la muda, na tarehe ya mwisho wake imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Mimi husoma ada kabla ya punguzo. Hapo wengi hunaswa, na inaniuma, kwa sababu ni mstari mmoja tu wa kusoma.

Ukiona hao wawili hawastahili asilimia 1.5, hama, ila kwanza uliza ada ya kutoka, ambayo katika mifuko mingi hupungua au kwisha kadiri miaka inavyopita, na uliza kodi. Michango yako mipya haina haja ya kungoja hayo: unaweza kuisimamisha wiki hii hii na kuielekeza kwenye mfuko wa bei nafuu, vipande vya zamani vikae palepale hadi ripoti itoke.