Namna ya Kumpendekeza Mhariri kwa Tuzo ya Utumishi

Anayefungua toleo jipya la jarida la kitaaluma huona majina ya waandishi juu ya kila makala na, akipenda kutafuta zaidi, huona jina la mhariri mkuu na majina ya wajumbe wa bodi katika kurasa za mwanzo. Mara nyingi haoni jina la mhariri wa miswada aliyegundua kwamba takwimu za jedwali hazilingani na zile za ikisiri, wala la mhariri mtendaji aliyewafuatilia wahakiki, yaani wataalamu wanaotathmini miswada kabla haijachapishwa, kwa upole na bila kuchoka mpaka ripoti zao zikapatikana. Kazi ya watu hawa ikifanyika vizuri haiachi alama yoyote kwenye ukurasa, na hapo ndipo ugumu wa kuwatunuku unapoanzia.

Nimewahi kuandika barua za kuwapendekeza wenzangu kwa tuzo, na nimewahi kukaa katika kamati inayozisoma barua za namna hiyo. Kazi hizo mbili zimenifanya niamini kwamba tatizo letu si uhaba wa tuzo. Council of Science Editors, chama cha wahariri wa sayansi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya wahariri wa biolojia, ina tuzo yake. Society for Scholarly Publishing, chama cha wanaoshughulika na uchapishaji wa kitaaluma kilichoanzishwa mwaka 1978, ina tuzo ya utumishi na nyingine ya viongozi wanaochipukia. Na vyama vingi vidogo vina zao. Kinachokosekana ni barua zenye ushahidi. Nyingi husema kwamba anayependekezwa ni mchapakazi, mwadilifu, mwenye moyo wa kujitolea na anayeheshimiwa na wote. Huenda yote hayo ni kweli, lakini mjumbe wa kamati aliyekwisha kusoma sifa hizohizo katika barua zilizotangulia hana njia ya kumtofautisha mtu huyu na wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuandika matendo badala ya sifa, na kila tendo lielezwe kwa mambo matatu: hali ilikuwaje kabla yake, alifanya nini hasa, na kimebaki nini baada yake. Chukua mfano wa mhariri mtendaji aliyekuta miswada ikikaa muda mrefu bila mwandishi kupewa jibu lolote, akaweka utaratibu wa kuichuja mapema ile isiyohusu fani ya jarida na kumjulisha mwandishi kila hatua, kisha akauandika utaratibu huo kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuufuata. Iwapo amekwisha kuhama na ofisi bado inaufuata, sema hivyo waziwazi, kwa maana hilo ndilo linaloonyesha uongozi kuliko cheo chochote alichokuwa nacho.

Ushahidi wa mambo haya upo, ila haujikusanyi wenyewe. Mifumo ya kupokelea miswada huhifadhi tarehe ya kila hatua, tangu mswada unapopokelewa hadi uamuzi unapotolewa, na ofisi ya jarida inaweza kutoa muhtasari wa miaka kadhaa. Tumia takwimu hizo kwa tahadhari. Jarida linaweza kufupisha muda wa uamuzi kwa kukataa miswada mingi bila kuisoma vizuri, na sioni sababu ya kumtunuku mtu kwa kasi ya aina hiyo. Halafu kuna suala la usiri, ambalo wapendekezaji wenye nia njema hulisahau mara kwa mara: barua isitaje mwandishi ambaye mswada wake ulikataliwa, wala mhakiki aliyefanya kazi kwa masharti ya kutojulikana. Mimi huweka faili dogo ambamo naandika jambo siku linapotokea, pamoja na shukrani ambazo waandishi hututumia, kwa sababu wiki ya mwisho ya kupokea mapendekezo kumbukumbu huwa imebaki na sifa tupu.

Kuhusu uongozi, nashauri macho yaelekezwe kwa wanaoyabeba matatizo ya wenzao. Mwaka 1997 kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba nchini Uingereza kilianza kukutana ili kujadili mashauri ya kimaadili yaliyokuwa yakiwatatiza, kama vile data zenye shaka na makala iliyochapishwa mara mbili. Kutoka hapo ikazaliwa Committee on Publication Ethics, yaani kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo miongozo yake sasa hufuatwa na maelfu ya majarida. Hawakuanza kwa kupewa mamlaka na mtu. Waliliona tatizo, wakakubali kulizungumza mbele ya wenzao, kisha wakaacha maandishi ambayo wengine wangeweza kuyatumia. Katika ofisi yoyote ya jarida yupo mtu wa aina hiyo, na mara nyingi si mkuu wa ofisi. Ndiye anayeulizwa la kufanya waandishi wanapogombana kuhusu mpangilio wa majina, au picha ya maabara inapoonekana kuchezewa. Kwangu mimi, mhariri aliyesimamia ubatilishaji wa makala kwa haki, akatoa tangazo lenye maelezo kamili na kuwasikiliza wote waliohusika, ana stahili kubwa kuliko aliyepandisha kipimo cha athari cha jarida lake, yaani wastani wa mara ambazo makala zake hunukuliwa. Najua wapo watakaonipinga.

Miaka mingi kazini pekee haitoshi kuwa hoja. Vilevile si busara kungoja mtu akaribie kustaafu ndipo akumbukwe, kwa kuwa sifa humfaa zaidi aliye katikati ya safari, anapofikiriwa kwa nafasi mpya au anapojiuliza kama aendelee na fani hii.

Wahakiki wana njia yao. Mfumo wa ORCID, unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho na ulioanza kutumika mwaka 2012, huruhusu jarida kuweka katika rekodi ya mtafiti kwamba alifanya uhakiki, bila kulazimika kutaja mswada wenyewe. Kama jarida lako halijafanya hivyo, uliza sababu. Waandishi nao wana mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14, unaoeleza nani alifanya nini katika utafiti. Mhariri wa miswada, msoma prufu na anayeshughulikia metadata (taarifa zinazoielezea makala, kama kichwa na majina ya waandishi) hawamo katika majukumu hayo, na ndio maana huwa natafuta majina ya kupendekeza miongoni mwao kwanza, hasa wale wanaofanya kazi kwa mkataba na wasiokuwa na bosi wa kuwasemea.

Barua za kuunga mkono zisitoke kwa wakubwa peke yao. Mkuu huona matokeo. Aliyefundishwa kazi na mtu huyo ndiye anayejua kama alikuwa mvumilivu, kama alikubali kuulizwa swali lilelile tena, na kama aliwapa wengine sifa waliyostahili. Na anayeketi kwenye kamati huku amewahi kufanya kazi kwa karibu na mmoja wa wanaopendekezwa aseme mapema, atoke jina hilo linapojadiliwa.

Jarida dogo lisilo na fedha za tuzo linaweza kuandika majina ya wote waliolihudumia katika ukurasa wa taarifa za jarida, kumwandikia mwajiri barua rasmi, au kumpunguzia mtu majukumu kwa muda ili ahudhurie mafunzo. Ngao ya ukutani haipunguzi mrundikano wa miswada, na mtu aliyelemewa analijua hilo siku ileile anapokabidhiwa.

Uliyempendekeza asipochaguliwa, usiitupe barua. Angalia kama masharti yanaruhusu kuirudisha mwaka unaofuata, iongezee mapya, kisha umwombe ridhaa na umpe nakala mwenyewe, na nyingine mkuu wa idara yake, ambako inaweza kuwekwa kwenye jalada linalosomwa anapoomba kupandishwa cheo.