Injini mpya ya .40 (ya ndege ya modeli, ujazo wa inchi za ujazo 0.40) kuzima ukibana sindano (skrubu ya kupunguza au kuongeza fueli)

Kama ni ABC (pistoni ya alumini, silinda ya shaba ya njano iliyopakwa kromu), usiiungurumishe polepole ikitema mafuta tangi zima. Hiyo ni dawa ya injini za ringi (zenye pete kwenye pistoni). Silinda ya ABC imebana juu makusudi na hupanuka ikipata joto; ikikimbia baridi, pistoni inalika.

Funga propela 10x6 (kipenyo inchi 10, hatua inchi 6), fueli yenye oili 18–20%, sehemu yake iwe mafuta ya nyonyo. Throto wazi kabisa, sindano wazi kidogo tu zaidi ya inavyotaka. Dakika 2, zima, ipoe kabisa. Rudia mara 5 au 6 ukibana sindano kidogo kidogo. Ikizima ukibana, bado inakaza: fungua sindano kidogo uirudishie fueli, usilazimishe.