Alama za mtihani wa kuingilia uzamili: maswali yenu

Mimi ni muuguzi Kisumu, nina miaka 43. Chuo ninachoomba Marekani kinadai GRE (mtihani wa kuingilia uzamili), na jaribio la mazoezi la hesabu limenipa 144. Ina maana uzamili utanishinda?

Hapana, dada. Katika kipimo cha 130 hadi 170, 144 iko chini, ila inaonyesha kutu zaidi kuliko uwezo. Hesabu za GRE ni za sekondari: aljebra, jiometria, asilimia, kusoma majedwali. Aliyetoka darasani juzi akiona x² − 9, papo hapo anaandika (x − 3)(x + 3). Aliyeiacha miaka 20 ataipata pia, lakini baada ya dakika mbili, na sehemu ya pili ya hesabu ina maswali 15 kwa dakika 26. Hapo ndipo alama zinapovuja. Rudia vitabu vya Form 1 hadi Form 3 kwa wiki nane, dakika 45 kila siku, saa ikiwa mezani. Sehemu ya kwanza usiifanye haraka haraka, maana matokeo yake ndiyo yanayoamua ugumu wa ya pili.

Mimi ni mratibu wa uzamili, Kakamega. Korilesheni (kiwango cha alama mbili kupanda na kushuka pamoja) kati ya mtihani wetu wa kuingilia na alama za mwaka wa kwanza ni 0.3. Tukate kwenye 60, aliye chini ya hapo asiingie?

Msikate. 0.3 mara 0.3 ni 0.09, yaani mtihani unaeleza asilimia 9 tu ya tofauti za alama darasani. Lakini msiutupe pia. Waliofeli hawakuingia, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu yenu, na hilo hushusha korilesheni. Ni sawa na mkulima wa Kitale kupanda punje kubwa tupu, kisha atafute kwenye shamba hilohilo kama ukubwa wa punje una faida.

Kwa wanafunzi watu wazima, tenganisheni alama za mwaka wa kwanza na kumaliza tasnifu. Za kwanza mtihani huzibashiri kiasi. Kumaliza ni jambo jingine: mwalimu mwenye familia hakwamishwi na msamiati, hukwamishwa na karo, kazi, na msimamizi anayekalia rasimu miezi mitatu. Mwenye 58 na mwenye 61 wachukuliwe kuwa sawa. Kisha wote waandike kurasa mbili za wazo la utafiti, zisahihishwe na wahadhiri wawili, majina yakiwa yamefichwa, kwa vigezo vilivyowekwa kabla.

Alama za GRE hukaa muda gani? (Msomaji, Nakuru)

Miaka 5 tangu siku ya mtihani. Ikipita, haziwezi kutumwa tena kwa chuo chochote.