Kwa nini Kamanda alianza na cheo cha marehemu

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kwa nini Kamanda wa polisi, akitoa salamu za rambirambi pale nyumbani kwenu Dodoma, alimtaja marehemu kaka yako kwa cheo na vituo alivyofanyia kazi, kana kwamba hamjui.

Hakuwa anawapuuza. Askari anayeanza Konstebo hupita Koplo, Sajenti, Stafu Sajenti na Sajini Meja, kisha Mkaguzi Msaidizi na Mkaguzi, ndipo afike Mrakibu Msaidizi. Kaka yako alifika hapo. Ni miaka mingi ya malindo ya usiku na uhamisho wa ghafla, na ninyi nyumbani mlikuwa mkiona tu kwamba Sikukuu hii tena hakuja. Kamanda alikuwa anawaeleza alikokuwa.

Baba yangu mdogo naye alikuwa polisi, tulimzika Mpwapwa. Mkuu wake alisoma karatasi yake ya rambirambi, sauti imenyooka kabisa. Alipomaliza akavua kofia, akaenda kukaa mkekani na bibi, akamshika mkono, hawakusema kitu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na bado naiona ile kofia magotini kwake.

Ile karatasi ya Kamanda iombeni nakala, muitunze. Watoto wa marehemu bado wadogo, wataihitaji. Bahasha ya rambirambi ya wenzake nayo iandikwe kwenye daftari la msiba, mjane aione mwenyewe.