Kabla hujanunua mashine ya alizeti, ijue bajeti

Nina miaka tisa nakamua alizeti hapa Singida. Wanaonipigia simu kutaka ushauri huanza na swali lile lile: "Mashine ni bei gani?" Mimi huwauliza kwanza kama wanajua hotuba ya bajeti husomwa lini.

Husomwa Dodoma mwezi Juni, wakati ambao magunia ya alizeti ndiyo kwanza yanatoka shambani. Mkamuaji hununua mzigo wa miezi mingi kabla hajajua mafuta ya kula kutoka nje yatatozwa ushuru kiasi gani, na ushuru huo ndio unaoamua bei ya dumu lake. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na ule wa mafuta ghafi ukafika asilimia 25. Kwetu wakamuaji ilikuwa kama kuongezewa mtaji. Msimu mwingine nilijaza stoo kwa bei ya juu, mafuta ya nje yakashuka bei, na deni la magunia yale nimelilipa miezi kumi na minne. Tangu hapo nanunua theluthi moja kabla ya hotuba. Inayobaki hungoja nisikie kilichosemwa bungeni.

Mashine nayo ina habari yake. Ya kwanza niliinunua kwa muuzaji aliyeniahidi spea, kisha akapotea. Msimu wa pili mafuta yalianza kupungua, mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yakitoka yamelowa hadi yanaacha alama kwenye mfuko. Nikaifungua shafti, chuma chenye meno kinachobana mbegu ndani ya mashine, na kuipeleka Shinyanga kwenye karakana ya SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo. Fundi alichota kiganja cha mbegu nilizokwenda nazo za majaribio, akazipuliza, mchanga ukabaki mkononi.

"Mama, chuma hiki ni laini, na alizeti yenu inapigwa chini kwenye udongo. Mchanga ndio unaokila."

Akachomelea chuma kigumu kwenye meno yaliyolika, akanishauri nipepete mbegu kabla ya kuzimimina. Chekeche ya waya niliyotengenezewa mtaani imeniokolea shafti mbili hadi leo.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza sana kuhusu karakana ile. SIDO ilianzishwa mwaka 1973. TIRDO ya utafiti wa viwanda ikafuata 1979, TEMDO ya usanifu wa mitambo 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo 1981, hizi mbili za mwisho zikawekwa Arusha. Kuna watu walikaa mezani wakaamua ujuzi wa mashine usiishie Dar es Salaam. Bila uamuzi ule, shafti yangu ingekuwa chuma chakavu. Naumia ninapoona vijana wenye michoro mizuri ya mashine hawajawahi hata kubisha hodi kwenye taasisi hizi. Bisha hodi! Nenda na mbegu za kwenu mkononi, maana mashine inayofaa ni ile iliyojaribiwa kwa mbegu utakazokamua.

Mbegu zenyewe ni utafiti pia. Mkulima akirudia kupanda punje alizobakiza stoo, mafuta hupungua mwaka hadi mwaka, nawe mkamuaji unaambiwa unaiba. TARI Ilonga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo kule Kilosa, ndiko utafiti wa alizeti unakofanyika. Serikali ilipoitaja Singida pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkakati wa alizeti mwaka 2021, mbegu za ruzuku zilianza kufika vijijini kwetu. Niliwapangia wakulima wangu ishirini foleni ya kuzichukua, nikawalipia na bodaboda. Magunia yao ndiyo yanayojaza dumu vizuri.

Usisubiri msimu uanze ndipo utafute nembo ya ubora. Tangu 2019 kazi ya usalama wa chakula ilihamia TBS, shirika la viwango linalotoa nembo hiyo, na mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO hupewa nafuu ya gharama. Anza Februari au Machi. Jengo litakaguliwa, watataka kuona sakafu inayosafishika, dari, choo kilicho mbali na chumba cha kukamulia, na sampuli yako itapimwa maabara. Mimi nilichelewa, nikauza mafuta ya mwaka mzima barabarani kwenye chupa za maji, wakati duka kubwa la Dodoma lilikuwa tayari kuchukua katoni hamsini kwa wiki.