Kwa Mwanangu, Kuhusu Sauti Nyingi Katika Waya Mmoja

Mwanangu,

Umeniuliza, ili uwaeleze wanafunzi wako, ni vipi katika zama za analogi mazungumzo mengi ya simu yalipita kwa pamoja katika waya mmoja bila kuchanganyikana. Nitakujibu, lakini swali lililonikaa moyoni miaka yote hii ni jingine kidogo: yalipochanganyikana, kosa lilikuwa la nani?

Sauti ya simu hupitishwa kati ya hezi 300 na 3,400, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukiiingiza kwenye moduleta, kifaa kinachoipandisha sauti kwenye wimbi la masafa ya juu zaidi, pamoja na wimbi hilo, tunaloliita wimbi bebezi, la kilohezi 108, unapata nakala mbili, moja juu ya wimbi hilo na nyingine chini yake. Wimbi lenyewe hufutwa, kichujio huiondoa nakala ya juu, na ile ya chini husafiri ikiwa imepinduliwa, hezi 300 ikikaa kwenye kilohezi 107.7 na hezi 3,400 kwenye 104.6. Msemaji wa pili hupewa wimbi la kilohezi 104, kwa hiyo sauti yake huanzia 103.7 na kushuka. Piga hesabu uone: kati ya majirani hao wawili zimebaki hezi 900 tu, na ni katika upenyo huo ambamo kichujio cha fuwele hutakiwa kukata. Njia 12 za namna hiyo, kila moja ya msemaji mmoja, hujaza ukanda wa kilohezi 60 hadi 108 na kufanya kundi moja. Makundi matano hupandishwa tena kwa pamoja, zikawa njia 60. Upande wa pili wimbi bebezi hurudishwa, na kila sauti hushuka mahali pake.

Kwa kuwa upenyo ni mwembamba, watu hukimbilia kukilaumu kichujio. Unalijua neno langu tangu ulipokuwa ukinishikia tochi huku kaka yako akiguna: usikihukumu kichujio kabla hujakipima kikuzaji. Kikuzaji, kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, hupokea njia zote kwa pamoja, na kikisukumwa kupita uwezo wake huzaa masafa ambayo hakuna aliyeyatuma. Toni za kilohezi 70 na 74 zikipita humo, huzuka nyingine za 66 na 78, ndani kabisa ya njia za watu wengine, mahali ambapo kichujio kina wajibu wa kuzipitisha. Tatizo hilihili ndilo lililomfikisha Harold Black wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, mwaka 1927, kwenye kikuzaji kinachorudishiwa sehemu ya pato lake kinyume ili kipunguze upotoshaji wake chenyewe.

Ndiyo maana sijausahau usiku ule wa zamu, ambao baba yako amechoka kuusikia. Njia moja ilikuwa na kelele isiyo na neno hata moja linalotambulika, nayo ilizidi kila wapigaji simu walipoongezeka. Mhandisi wetu aliamuru kichujio kibadilishwe. Nilituma toni mbili, nikazishusha zote kwa desibeli 1 (kipimo cha kulinganisha nguvu ya mawimbi), na ile kelele mpya ikashuka kwa desibeli 3. Uvujaji wa kichujio ungeshuka kwa desibeli 1 ileile. Kushuka mara tatu ni alama ya kikuzaji kilichozidiwa. Aliitazama sindano ya mita, hakusema kitu, akapunguza kiwango cha mawimbi yanayoingia kwenye kikuzaji, na kelele ikaisha. Kichujio kikabadilishwa vilevile, na ripoti ikaandikwa kwamba ndicho kilichokuwa kibovu.

Naweza kumtetea. Vichujio kweli hubadilika kwa joto na kwa umri, na aliyekuwa akipiga simu alitaka kusikilizana na mwenzake, si kujua ni kifaa gani kilichokosea. Lakini hapana, mwanangu, kwa sababu kile kichujio kilichoondolewa nilikipima asubuhi yake, nacho kilikata palepale kilipopaswa kukata, na mafundi waliotufuata waliisoma ripoti ile wakaiamini. Usikihukumu kichujio kabla hujakipima kikuzaji: wanafunzi wako wapimishe toni hizo mbili kwa mikono yao, kabla hujawachorea mgawanyo wa masafa ubaoni.

Kama mhandisi yule aliandika vile kwa kutoelewa, au kwa kutotaka kusahihishwa na fundi kijana wa kike, sitasema, ingawa unajua ninavyofikiri.

Mama yako